Ufa Kwenye Kioo cha Insight: Barua kwa Mpwa Wangu

Mombasa, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku wazima, na mama yako mzima, goti lake limetulia tangu mvua zilipokatika. Picha ulizonitumia nimeziona. Nilizitazama kwenye simu, kisha nikamwomba kijana wa jirani anifungulie kwenye kompyuta yake, kwa sababu ufa wa kioo hudanganya ukiutazama ukiwa mdogo. Nimeona jiwe lilipopiga, chini upande wa dereva, na nimeona ufa ulivyopanda ukapinda hadi usawa wa macho yako. Pole sana, mama. Barabara ile ya kupanda Salama naijua, na malori yale ya kokoto yasiyofunikwa turubai nayajua pia. Nashukuru Mungu jiwe liliishia kwenye kioo.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama gari uliuze hivyo hivyo, maana wenzako wa wodini wanakwambia Honda wameacha kuliunda na vipuri vyake havipatikani. Pili, kama umkubalie fundi aliyesema atakubandikia kioo kingine jioni moja, kwa bei nafuu, na kwa silikoni nzuri. Naanza na hili la pili, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi tangu juzi.

Usimpe gari. Sina neno na kijana wa watu, huenda ana mikono mizuri. Lakini neno silikoni nililisikia ukilitaja nikakaa kitako. Kuna jambo sijawahi kukusimulia, wala mama yako halijui lote.

Nilipoanza kazi ya vioo, vioo vya mbele vya magari vilishikwa na raba. Tulikuwa tunapitisha kamba ndani ya mdomo wa raba, mmoja anasukuma kioo kwa nje, mwingine anavuta kamba kwa ndani, raba inajigeuza na kuukamata ukingo wa bodi. Ilikuwa kazi ya robo saa na ilitaka ustadi wa vidole tu. Kisha yakaanza kuja magari ya Kijapani yaliyobandikwa kioo kwa gundi, na hakuna aliyetuketisha akatufunza. Siku moja katika karakana niliyokuwa nikifanya kazi, gundi yenyewe ilikuwa imekwisha na mteja ana haraka. Mkubwa wangu akanituma duka la vifaa vya ujenzi nikanunue silikoni ya kuzibia madirisha ya bafu. Nikanunua, nikabandika. Kioo kilikaa sawa, mvua ikanyesha na hakikuvuja hata tone, mteja akarudi kunishukuru na kunipa ya chai.

Baada ya miezi michache gari lile liligonga mwembe. Kioo kilichomoka kizima kikatua majanini mbele ya gari kama kifuniko cha sufuria, na mtu aliyekaa mbele bila kufunga mkanda akapita pale pale kilipopita kioo. Aliishi. Lakini hakutembea tena bila magongo. Nilikwenda hospitali nikamwambia kwamba mkono uliobandika kile kioo ni huu wangu. Alinisamehe, nami namwombea hadi leo. Sijashika silikoni kwa kazi ya kioo cha mbele tangu siku hiyo, na sitaki mtoto wa dada yangu aendeshe nyuma ya kioo kilichoshikwa nayo.

Kuzuia maji ni kazi ndogo kabisa ya gundi ya kioo. Katika magari ya siku hizi kioo cha mbele ni sehemu ya mwili wa gari. Gari likipinduka, kioo kilichobandikwa vizuri husaidia kuzuia paa lisiwalalie walio ndani. Mkoba wa hewa wa abiria unapofumuka kutoka juu ya dashibodi, katika magari mengi huegemea kioo hicho ndipo umkinge mtu. Kioo kikiachia, mkoba nao unakosa pa kuegemea. Ndiyo maana gundi yake ni ya namna yake, inaitwa poliurethani. Ni nyeusi, nzito, na ikishakauka huwezi kuing'oa kwa mkono hata ungekuwa nani.

Na kioo chenyewe si kama vile vya milangoni. Cha mlangoni kikivunjika humwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Cha mbele kina matabaka mawili ya kioo, na katikati yake utando wa plastiki ambao haufiki hata unene wa milimita moja. Kikipasuka, vipande hubaki vimeng'ang'ania utando. Wazo hilo alilipata mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, mwaka 1903, chupa ya maabara ilipomwanguka ikapasuka isitawanyike, kwa kuwa ndani yake palikuwa pamekauka utando wa dawa. Haki ya uvumbuzi aliiomba mwaka 1909. Kila nikibeba kioo huwa namkumbuka, kwa watu wote aliowaokolea macho bila kuwajua. Wewe pitisha ukucha juu ya ule ufa kwa nje, kisha kwa ndani. Nje ukucha utakwama, ndani patakuwa laini. Ni tabaka la nje lililopasuka, na la ndani bado linakulinda, kwa hiyo usiwe na hofu ya kukiona kikikuangukia mapajani.

Ungekuwa umenipigia siku ile ile jiwe lilipopiga, pengine tungekiokoa. Kidonda kidogo cha ukubwa wa sarafu, kisichofika ukingoni na kisichokuwa mbele ya macho ya dereva, hujazwa utomvu maalumu na kukaushwa kwa taa ya urujuanimno, na gharama yake ni ndogo. Lakini ufa ukishatembea hivyo, na kufika mahali unapotazamia barabara, hakuna utomvu. Wewe unarudi kutoka zamu ya usiku. Taa za lori zikikujia, ufa ule huzitawanya ukaona mishale ya mwanga badala ya mtu anayevuka. Mpaka kioo kibadilishwe, zamu za usiku panda matatu. Na mchana usimwage maji baridi juu ya kioo chenye joto la jua, wala usikipulizie hewa baridi ya kiyoyozi moja kwa moja. Ufa hupenda sana hayo.

Sasa la kuuza gari. Wenzako wamesema kweli nusu tu. Insight yako ni ya mwaka 2010, tulikwenda pamoja Kilindini kuichukua yadini mwaka 2017, ikiwa bado imo ndani ya ile miaka 8 ambayo serikali iliruhusu kwa magari ya kuagizwa. Unakumbuka ulivyolia ulipopewa ufunguo? Aina hiyo Honda waliitoa Japani mwezi Februari 2009, na Aprili mwaka huo huo ikaongoza kwa mauzo nchini humo, ukiacha vile vigari vidogo vya cc 660. Hakuna hibridi nyingine, yaani gari la petroli na umeme, iliyowahi kufanya hivyo kabla yake. Wakaisimamisha mwaka 2014. Gari lililouzwa kwa wingi namna hiyo halikauki vioo kwa sababu kiwanda kimefunga laini yake, kwa kuwa vioo vya badala huundwa pia na viwanda visivyokuwa vya Honda, na mawe hayaachi kupiga magari ya zamani. Wa kumwonea huruma ni mwenye Insight ile ya kwanza, ya milango miwili na bodi ya alumini, iliyoundwa kati ya 1999 na 2006. Zile hazikufika 20,000 duniani kote. Huyo hutafuta kioo kama mtu anayetafuta lulu.

Na hapo ndipo pana mtego ambao fundi wako hakukutajia. Jina Insight limevaliwa na magari matatu ya hibridi yasiyofanana hata sura: lile la milango miwili, hili lako, na saluni iliyotoka 2018 ikakoma 2022. Ukimwambia mwenye duka la vipuri kule Grogan, Nairobi, "nataka kioo cha Insight", atakuletea alichonacho. Usitaje jina. Chukua logbuku, mpe namba ya chesisi. Yako inaanza na ZE2. Zinazoanza na ZE3 ni zile za injini ya cc 1500, basi mwenye duka asizichanganye. Mpigie picha kioo ulichonacho sasa: rangi yake, ule utepe wa kivuli juu kama upo, pale kinapobandikwa kioo kidogo cha kutazamia nyuma, na maandishi ya pembeni chini. Kwenye kioo kipya tafuta herufi E ndani ya duara na alama ya 43R, yaani kimefuata kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Kisichokuwa na alama yoyote kirudishe, hata kama ni cha bure.

Kisha kisimamishe juani, utazame nguzo ya stima kupitia kioo huku ukisogeza kichwa pole pole. Nguzo ikijipinda kama nyoka, kioo hicho kitakuumiza kichwa kila siku. Kikatae bila haya.

Watakushawishi pia uchukue cha mtumba, kilichotolewa kwenye gari lililokatwa Japani. Vipuri vingi vya mtumba navipenda, lakini kioo cha mbele hapana. Kukitoa bila kuumiza ukingo ni vigumu mno, na kovu dogo la ukingoni usiloliona leo ndilo litakalokuwa ufa mwezi ujao ukipita kwenye matuta.

Kabla hujatoa senti yako, soma karatasi za bima. Wewe una bima kubwa, na nyingi za hapa zina kifungu cha kioo cha mbele chenye kikomo, mara nyingi shilingi 30,000 au 50,000, na kinachozidi ni chako. Omba kibali chao kwanza, kazi ifuate. Ukibandika halafu uende kudai, watakuzungusha. Na kwa kuwa kioo cha zamani kitaondoka na stika ya bima, mwambie wakala akutumie cheti tena siku hiyo hiyo, usije ukasimamishwa na askari ukaanza kujieleza.

Fundi atakayefanya kazi usikubali akutoze zaidi eti kwa kuwa gari ni hibridi. Kubadilisha kioo ni kule kule. Linalohitaji uangalifu ni moja: gari lako huzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani, kwa hiyo ukimya wake hauna maana kwamba limezimwa. Toa ufunguo, kaa nao mkobani, na fundi afungue waya wa hasi wa betri ndogo ya volti 12. Ile betri kubwa ya kama volti 100 iko chini ya sakafu ya buti, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Mtu wa vioo hana shughuli nayo. Akifungua buti, muulize anatafuta nini.

Mengine ni ya kutazama kwa jicho lako. Akate gundi ya zamani kwa waya, watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, kwa maana kisu hukwaruza rangi ya bodi na penye mkwaruzo ndipo kutu huzaliwa. Ukiona mkwaruzo, mwambie aupake praima kabla ya gundi. Gundi ya zamani asiing'oe yote hadi kwenye bati, aache utando mwembamba, kwani mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani. Ukingo wa kioo kipya ausafishe na kuupaka praima yake, na baada ya hapo asiuguse kwa vidole vyenye mafuta. Kama bodi ina kutu tayari, kazi isimame siku hiyo, kutu itibiwe kwanza. Utachukia kuchelewa, lakini chelewa tu.

Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani. Hapa kwetu pwani hewa yenyewe inaikausha, huko kwenu miezi ya ukavu huchukua muda zaidi, na mafundi wengi wa Nairobi hawalitilii maanani hilo. Saa za kusubiri zimeandikwa kwenye mrija wenyewe. Uombe uusome mwenyewe. Mimi nakutaka gari lilale pale pale hadi asubuhi, kioo cha mlango mmoja kikiwa kimeshushwa vidole viwili, ili mtu akibamiza mlango hewa ipate pa kutokea isisukume kioo kibichi. Usilioshe kwa mashine ya presha wiki hiyo.

Nimeshakata tiketi ya treni ya Ijumaa, nitashukia Syokimau. Nakuja na waya wangu wa kukatia na vile vikombe viwili vya mpira vya kunyanyulia kioo, bado vinanyonya vizuri. Kubandika sitabandika, mikono imeanza kutetemeka. Nitakaa kwenye kigoda kando ya gari nimtazame fundi tutakayempata, na akifika kwenye gundi nitamwomba anionyeshe mrija. Mama yako anakutumia mahamri na achari ya embe. Nitafutie kigoda kisichokuwa kifupi sana.

Mjomba wako