Usiunge Mweupe kwa Mweupe

Tanga

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia biashara yako ya kabichi huko Lushoto inakwenda vizuri. Picha ulizonitumia nimezitazama zote. Injini ya Toyota 2L imekaa vizuri kwenye hiyo Land Rover 109 ya Series III. Aliyechomelea mauntingi anaijua kazi. Kinachoninyima raha ni ile wayaringi ya Hilux uliyoinunua Ilala, na yale maneno yako kwamba utaunga rangi kwa rangi, kisha utaona kitakachobaki. Usifanye hivyo, mwanangu.

Land Rover ya wakati huo inafuata rangi za Lucas za Kiingereza. Waya wa kahawia unatoka betri moja kwa moja. Mweupe unapata moto ukifungua swichi, wa kijani ni moto huohuo ukishapita kwenye fyuzi, na mweusi ni ethi. Kwa Toyota, mweupe ndio unaotoka betri, ethi ni mweupe wenye mstari mweusi, na mweusi wenye mstari wa njano mara nyingi ni wa moto wa swichi. Sasa chukua mweupe uunge na mweupe. Kila kinachotegemea swichi kwenye Land Rover kitakuwa na umeme usiku na mchana. Pampu ya dizeli ya 2L ina solenoidi inayoachia mafuta ikipata umeme na kuyafunga ukikatika. Utachomoa ufunguo na injini itaendelea kuunguruma. Ukiunga mweusi wa Land Rover na ule mweusi wa mstari wa njano, umetengeneza shoti kwa mkono wako.

Kwa hiyo amua kwanza wayaringi ipi ndiyo mwenyeji. Mimi nasema ya Land Rover ibaki, yote: taa, indiketa, breki, dashibodi. Kutoka kwenye ya Hilux chukua upande wa injini tu, yaani stata, altaneta, solenoidi ya mafuta, hita plagi, swichi ya oili na ya joto. Dizeli hii ya zamani haiendeshwi na kompyuta, haidai zaidi ya hapo. Kila waya uutambue kwa kazi yake: ushike na multimita, fungua swichi, funga swichi, uone unafanya nini, ndipo uubandike karatasi yenye jina. Soketi za Toyota usizikate shingoni. Ziachie mkia wa kiganja kizima, uwe na pa kuungia.

Najua umeipenda swichi ya taa ya Hilux kwa sababu ya kwako imelegea. Iache. Hapo tofauti imezidi rangi. Land Rover inapeleka moto kwenye taa kupitia swichi ya dimu na fulu, na mguu wa pamoja wa balbu umefungwa ethi. Hilux nyingi za zamani zimegeuza: moto unakaa kwenye mguu wa pamoja, na swichi inafungua na kufunga upande wa ethi. Ukizichanganya, moto unakwenda ethi bila kupita kwenye balbu. Nunua swichi ya Land Rover hata kama bei inauma. Kisha weka rilei mbili, ya dimu na ya fulu, kila moja na fyuzi yake, maana taa kubwa za Series III zilitoka kiwandani bila fyuzi. Balbu mbili za wati 60 zinakula ampia 10, na wewe utakuwa unashuka kona za Mombo usiku na tani ya kabichi mgongoni. Sitaki taa hizo zipitie swichi ya miaka arobaini.

Kuhusu fyuzi nisikilize sana. Zile za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 maana yake ni kwamba zinaungua kwenye ampia 35. Mzigo wa kudumu zinaostahimili ni kama ampia 17 tu. Fyuzi za kisasa za plastiki huandikwa ule mzigo wa kudumu. Mtu akisoma 35 kwenye kioo akachomeka ya plastiki ya 35, waya unaweza kuungua ndani ya dashibodi na fyuzi iko nzima. Weka ya 15. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo ipime kwa unene wa waya na wala si kwa idadi ya taa.

Altaneta ya Toyota ina regyuleta yake ndani. Pini yake ya L inakwenda kwenye taa ya chaji, ambayo kwa Land Rover ni waya wa kahawia wenye mstari wa njano. IG inapata moto wa swichi. S inaunganishwa na betri. Ule waya mnene wa B uvute mpya hadi betri. Altaneta ya Lucas 16ACR ilitoa ampia 34 na waya wake ulipimiwa hizo, ya Toyota inatoa zaidi. Hita plagi nazo zinavuta makumi ya ampia, zipe rilei na waya wake mnene. Na usome volti iliyoandikwa kwenye plagi yenyewe, kwani zipo za 6 na zipo za 12, na ya 6 ukiipa 12 mfululizo haikai.

Ethi. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma, na gari hilo limekaa Pangani kwenye chumvi ya bahari kabla hujalinunua. Panapokutana vyuma hivyo viwili pameliwa. Ndiyo maana, kama ulivyoniambia, ukiwasha indiketa ya kulia taa ya nyuma nayo inacheza: umeme unatafuta njia ya kurudi. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa ya nyuma hadi chesisi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Injini nayo ipate mkanda wake hadi betri.

Geji ya mafuta ibaki ya Land Rover na floti yake, ya joto iwe ya Toyota na sensa yake. Usizibadilishane.

Ukimaliza, kabla hujafunga betri moja kwa moja, pitishia waya wake kwenye balbu ya wati 21, kila kitu kikiwa kimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, rudi nyuma. Halafu chora mchoro wa ulichokifanya, rangi kwa rangi, uukunje kwenye nailoni chini ya kiti, na nakala uipige picha unitumie. Nataka niione kabla hujashuka na mzigo. Rilei hizo na waya wa ethi nitampa dereva wa basi la Jumamosi. Mpokee stendi mwenyewe.

Msalimie shangazi yako.

Ni mimi mjomba wako