SEHEMU YA 6: Minyoo isiyohitaji dawa



Nikiandika neno minyoo mnajua kinachofuata: mikono ioshwe, viatu vivaliwe, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apate dawa kliniki kila miezi 6. Hayo yako palepale. Ila leo naongelea minyoo mingine, gemu ya zamani ya kompyuta inayoitwa Worms.

Ilitoka mwaka 1995. Aliyeibuni ni Mwingereza, Andy Davidson. Aliipeleka kwanza kwenye shindano la jarida moja la kompyuta, hakushinda, ndipo kampuni ya Team17 ikaichukua. Mimi na kaka zangu tulicheza toleo la 1999, Worms Armageddon, na mwezi huu nimelirudia na wanangu wawili, wa miaka 11 na 8.

Mchezo wenyewe ni kichekesho. Makundi ya minyoo yenye sauti nyembamba yanapigana juu ya kisiwa. Kuna kondoo anayekimbia halafu analipuka. Kuna bomu la ndizi. Kuna bibi kizee anayejikokota huku akinung'unika mpaka alipuke naye. Kuna bomu linaloimba "Haleluya" kwanza. Anayetumbukia majini ndiyo basi. Na minyoo unaipa majina upendayo: wetu mmoja anaitwa Baba, na Baba huwa anajilipua mwenyewe 😂

Sasa kwa nini nawaletea hii, nesi mzima?

Kwa sababu ya zamu. Gemu hii haichezwi kwa papara. Mnyoo wako unapata sekunde chache, mara nyingi 45. Unaangalia upepo unakovuma, unapima, unapiga, kisha unampa mwenzako mausi. Yeye akicheza, wewe kazi yako ni kutazama na kusubiri, kama kwenye bao au drafti ya vizibo.

Mwanangu wa miaka 8 kusubiri ni mtihani. Kwenye simu hajazoea. Akishindwa anabonyeza, anaanza upya, hakuna aliyemwona. Hapa dada yake alimtumia kondoo, mnyoo wake wa mwisho ukaenda majini mbele yetu sote. Akalia. Akasema dada kaiba. Akataka mchezo uanze upya palepale.

Sikumwambia "mwanaume halii". Nilimwambia, "Umeumia, ulikuwa karibu kushinda." Nikamwacha akae pembeni. Dakika kama kumi hivi akarudi mwenyewe, akauliza, "Dada, ule upepo ulijuaje?" Dada akamwonyesha.

Mama, swali lile ndilo nililokuwa nalitafuta. Mtoto hazaliwi anajua kushindwa. Sehemu ya ubongo inayotuliza hasira na kuzuia haraka inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo wa miaka 8 akilipuka, si lazima awe na adabu mbaya, bado anajengwa. Anahitaji sehemu salama ya kushindwa, mara nyingi, na mtu mzima aliyetulia karibu naye.

Ukitaka kujaribu nyumbani:

1. Chagua mchezo wa zamu, skrini moja, wote mmekaa pamoja. Huna kompyuta? Bao, drafti na karata vinafanya kazi ileile.

2. Taja idadi ya raundi kabla ya kuanza. "Tunacheza mbili, halafu kula." Zikiisha, zimeisha.

3. Usimwachie ashinde kila siku. Na usimcheke akilia.

4. Worms ina mabomu, japo ya kuchekesha. Cheza wewe kwanza, uone kama inamfaa mwanao.

5. Wadogo waache. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Najua wengi mnarudi mmechoka, na simu ndiyo inayonyamazisha nyumba. Mimi pia natoka zamu ya usiku, nawaelewa. Sisemi kila siku. Jumamosi moja, raundi mbili, inatosha kuanzia.

Niandikieni hapo chini: kwenu nani hakubali kushindwa, mtoto au baba yake? Sehemu ya 7 tutaongelea usingizi.