Neno Moja Katika Basi la Usiku

Tembea uone, ndivyo walivyonena wahenga. Mimi sikujaliwa kutembea dunia nzima. Njia ninayoijua ni moja, nayo ni ile itokayo Koboko, ikapita Arua, ikavuka mto Naili na kuishia Kampala. Nimeisafiri kwa miaka mingi, mara kwa masomo, mara kwa misiba, mara kwa shughuli za ualimu. Nilidhani kwamba haikubakiwa na la kunifunza. Kumbe nilijidanganya.

Kwa wasomaji wasioijua njia hiyo, nitaieleza kwa ufupi. Kutoka Koboko hadi Arua ni kilometa 55 hivi, na kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilometa 500. Mabasi mengi husafiri usiku. Baada ya Arua hupita Nebbi, kisha huteremka bondeni hadi Pakwach, ambako daraja la chuma huvuka Naili. Toka hapo barabara huambaa kando ya mbuga ya Murchison, na si ajabu taa za basi kumulika ndovu amesimama kando kama askari wa zamu. Halafu huja Karuma, ambako Naili huvukwa tena, mara hii mto ukinguruma juu ya mawe. Kisha Kigumba, Luweero, Bombo, na mwisho jiji lenyewe asubuhi.

Ndani ya basi kama hilo lugha ni nyingi kuliko viti. Utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kialur, Kinubi, Kilingala, Kiganda na Kiingereza. Kiswahili nacho kimo, ila husemwa kwa sauti ya chini. Wenzetu wa pwani huenda wakastaajabu. Katika Uganda lugha hii iliingia vijijini mwetu pamoja na jeshi, tangu siku za King's African Rifles, na watu wengi wa West Nile waliivaa pamoja na sare. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin iliitangaza kuwa lugha ya taifa, na utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, lugha ikabebeshwa dhambi za waliokuwa wakiisema. Raia aliyeamrishwa kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani hakuwa na hamu ya kumfunza mwanawe. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifunzwe kwa lazima shuleni. Lakini amri huandikwa kwa siku moja, na hofu huchukua kizazi kizima kufutika.

Mimi ni mmoja wa wale waliojitwisha kazi ya kuifuta. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimejivunia usafi wa lugha yangu. Mwanafunzi akiniandikia "mutoto", humkatia kwa wino mwekundu bila huruma.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilipanda basi Koboko kwenda Kampala. Kando yangu aliketi mama mmoja kutoka Lobule, yale makazi ya wakimbizi wa Kongo yaliyofunguliwa mwaka 2013 katika wilaya yetu. Alimpakata mtoto wa kiume wa miaka minne, mwembamba, mwenye pumzi fupi. Maradhi yalikuwa ya moyo. Walikuwa wameandikiwa barua ya kuonana na daktari mkubwa asubuhi ya siku ya pili, na mama huyo hakuwa amepata kufika Kampala hata mara moja. Aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili alifurahi sana. "Papa mwalimu," akaniambia, "basi leo niko na kinywa."

Tulizungumza hadi Pakwach. Yeye alisema Kiswahili cha kwao na mimi nikajibu kwa changu. Nakiri kwa aibu kwamba mara mbili tatu nilimsahihisha. Aliposema "mayi", nilirudia "maji", taratibu, kama afanyavyo mtu darasani. Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kwa upole.

Yapata saa 7 usiku, karibu na Kigumba, basi liliharibika. Tulishuka, tukakaa kando ya barabara gizani, wanawake wakiwafunika watoto kwa kanga na mablanketi. Saa 9 likaja basi la pili kutuchukua. Ikawa vurumai. Kondakta wa basi hilo, kijana aliyesema Kiganda na Kiingereza tu, alitaka kuondoka upesi. Alipiga kelele akiuliza ni nani mwenye mzigo zaidi katika buti la gari bovu, maana mizigo itakayosalia ingekuja baadaye. Akamwonyesha yule mama kwa kidole, kisha akanitazama mimi nifasiri.

Mama alikuwa amekumbatia mtoto na kifurushi kidogo. Nikamwuliza kwa Kiswahili changu safi, "Mzigo wako watosha, mama?"

Akajibu bila kusita, "Ndiyo, papa. Batoshe."

Nikamgeukia kondakta na kumwambia kwamba mama huyu hana shida, alicho nacho kinamtosha. Buti likafungwa kwa kishindo, tukapanda, basi likang'oa nanga.

Tulipokuwa tukikaribia Luweero, kukianza kupambazuka, aliniuliza mfuko wake umewekwa wapi. Nikamwuliza ni mfuko gani. Akanitazama kama anayetazama mtu aliyeingiwa na wazimu. "Ule niliosema batoshe! Iko na barua ya munganga, na dawa!"

Hapo ndipo nilipofahamu. Katika Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa nje. Mimi nilikuwa nimemwuliza kama mzigo alio nao unakidhi haja. Yeye alisikia kwamba naulizia mzigo wake wa kutolewa. Nilipodhani amenijibu kwamba umetosha, kumbe alikuwa ameomba, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, kwamba wautoe. Sote wawili tulisema Kiswahili, tena tulitumia kitenzi kile kile, na mfuko ukabaki Kigumba.

Tulifika Kampala saa 1 asubuhi. Tukaketi katika kituo cha mabasi tukingoja gari bovu litengenezwe na kuletwa. Saa 3 ikapita, saa 5 ikapita. Mtoto alilala mapajani mwa mama yake, akihema. Sikuwa na neno la kusema, mimi niliyekuwa kinywa chake. Gari lilifika saa 8 mchana. Mfuko ulikuwamo, na barua ilikuwamo, lakini saa ya kliniki ilikuwa imekwisha, na kliniki hiyo ilikuwa mara moja tu kwa juma.

Niliwapeleka kwa binamu yangu, nikamweleza kosa langu, naye akawapokea. Juma lililofuata mtoto alionwa na daktari, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Namshukuru Mungu kwamba siku saba hizo hazikumdhuru. Lakini zingeweza kumdhuru, na sitaki kulificha jambo hilo kwa sababu tu mwisho ulikuwa mwema.

Niliporudi Koboko nilikwenda kumsimulia mama yangu mzazi. Yafaa wasomaji wajue kwamba mimi nami nilizaliwa ukimbizini. Watu wetu walipokimbia vita baada ya mwaka 1979, wengi walivuka kwenda Zaire na Sudan, na mimi nikazaliwa upande wa Zaire mwaka 1981. Tulirudi nyumbani nikiwa na umri wa miaka sita. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Ulipokuwa mtoto," akasema, "kila siku nilikuambia: tosha chungu motoni. Nawe ulikitosha. Nani alikusahaulisha?"

Swali hilo sikulijibu, maana jibu lake nalijua. Niliisahau lugha hiyo darasani, nikiamini kwamba kujifunza lugha safi ni kuikana ile ya mwanzo.

Nikafungua daftari langu la sarufi, lile ninalofundishia kila mwaka. Waka, washa. Amka, amsha. Anguka, angusha. Toka...? Mwanafunzi yeyote mwerevu angejaza: tosha. Neno la yule mama halikuwa kosa hata kidogo, bali limefuata kanuni ile ile ninayoiandika ubaoni. Sisi katika Kiswahili sanifu twatumia "toa" kwa maana hiyo, na "tosha" tumeiachia kazi nyingine. Wao wakaliweka neno mahali ambapo kanuni ingeliweka.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba tuiache lugha sanifu. La hasha! Bila hiyo vitabu vyetu havitasomeka kutoka Lamu hadi Koboko, wala mitihani haitasahihishika. Lakini mwanafunzi wetu hataketi katika basi pamoja na kamusi. Ataketi na mama wa Lobule, na dereva wa lori wa Bunia, na askari mstaafu wa Arua. Ikiwa tutamfunza kusahihisha kabla ya kusikiliza, tutakuwa tumemfunza nusu ya lugha, na pengine nusu iliyo rahisi zaidi.

Tangu safari hiyo naanza muhula kwa kuandika ubaoni neno "tosha", na kuwauliza wanafunzi maana yake nyumbani kwao. Mikono huinuka, hasa ya watoto wa Lobule, ambao hapo zamani waliketi nyuma wakinyamaza. Wino mwekundu ninao bado, na bado nautumia. Lakini siku hizi, kabla ya kukata neno la mtoto, kwanza humwuliza alikusudia nini.