Siku Moja Kando ya Bahari ya Lut

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari za maji ya chumvi. Tumezaliwa kando yake, riziki yetu imo ndani yake, na apitaye njia ya Gongoni na Marereni huyaona mashamba ya chumvi yakimeremeta juani. Hata hivyo, lipo ziwa moja ambalo mtu wa pwani akilifikia hujiona mgeni. Waarabu huliita Bahari Mfu, na pia Bahari ya Lut. Upande wake wa mashariki ni Jordan. Upande wa magharibi ni Palestina na Israel. Hakuna samaki aishiye humo, wala mvuvi atupaye wavu.

Msafara wetu ulikuwa wa akina mama kutoka Mombasa pamoja na maharimu wachache. Tulikuwa tumemaliza Umra, tukapitia Jordan kwa siku chache kabla ya kurejea nyumbani. Katika ratiba tuliyopewa, siku moja iliandikwa maneno matatu tu: mapumziko, Bahari Mfu.

Maneno hayo ndiyo yaliyozua mjadala. Usiku wa kuamkia safari, tulipokuwa tukinywa chai hotelini Amman, mkubwa wetu kwa umri, bibi aliyesomesha chuo miaka mingi na ambaye sote twamwita Bi Mwalimu, aliuliza kwa upole: "Wanangu, hivi kesho twenda kustarehe mahali walipoangamizwa watu?" Akatukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.), alipopita Al-Hijr, katika makao ya Thamud, akielekea Tabuk, aliwakataza masahaba kuingia pale ila wawe wenye kulia, na yeye mwenyewe akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Kimya kilitanda. Aliyejibu ni binti mmoja muuguzi, mdogo kuliko sote. Miaka mingi amesumbuliwa na ugonjwa wa ngozi unaomfanya apukutike magamba mikononi na shingoni. Maji ya ziwa lile na jua lake hutumiwa na wagonjwa wengi wa aina yake, nao hupata nafuu. "Bi Mwalimu," akasema, "mimi sendi kucheza. Nimeweka akiba miaka miwili kwa siku hii." Machozi yakamlengalenga. Bi Mwalimu akamshika mkono, lakini swali lake hakuliondoa.

Sheikh aliyeuongoza msafara alizisikiliza pande zote mbili. Akasema kwamba Qur'ani imetusimulia habari za kaumu Lut na ikawataja wasafiri wanaopita kwenye magofu yao asubuhi na usiku, ili wazingatie. Lakini ziwa lenyewe haikulitaja kwa jina, na mahali hasa palipokuwa miji ile wanavyuoni hawakuafikiana. Kwa hiyo hakumzuia mtu, wala hakumlazimisha. Alituwekea sharti moja: tusiende kwa nderemo. Nyimbo za garini ziachwe, na atakayependa kubaki ufukweni abaki bila ya kuulizwa.

Njia ya kutoka Amman ni mteremko mtupu. Mji uko juu ya milima, na ziwa liko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Hakuna nchi kavu iliyo chini zaidi duniani. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Tulipopita alama ya barabarani inayoonyesha usawa wa bahari, mtu mmoja akasema kwamba Mombasa yetu sasa iko juu ya vichwa vyetu, na gari likaendelea kushuka. Joto likaongezeka. Kisha maji yakatokea, ya buluu iliyofifia, yametulia kama mafuta kwenye sinia, na ng'ambo yake vilima vya Palestina. Nyuma ya vilima vile, si mbali, ndiko uliko Msikiti wa Al-Aqsa. Bi Mwalimu aliinua mikono akaomba dua ndefu, nasi tukaitikia amin.

Wale walioingia majini waliingia na madera na mitandio yao, katika pembe waliyotengewa akina mama. Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi kiasi cha gramu 35. Lita moja ya maji yale inapita gramu 300. Maji hayo ni mazito kuliko mwili wa mwanadamu, ndiyo maana mtu hawezi kuzama kwa urahisi. Ukilala chali, yanakubeba kama kitanda. Ukijaribu kusimama, miguu inainuliwa juu. Lakini ole wake mwenye mchubuko! Na tone moja likiingia jichoni, mtu hukimbilia maji matamu huku akipapasa. Binti yetu aliyalalia maji yale kwa dakika kumi, macho ameyafumba. Alipotoka hakusema kitu. Alikwenda kukaa karibu na Bi Mwalimu, ambaye hakuingia, na yule bibi akamfuta chumvi mikononi kwa upindo wa leso yake, taratibu, pale penye magamba.

Adhuhuri ilipofika tulitawadha kwa maji ya bomba. Maji ya bahari ni tohara, hilo twalijua, lakini yale yangetuunguza macho. Tukasali, tukajumuisha na Alasiri kwa kukusuru kama wasafiri.

Baada ya sala, Mjordani aliyetuongoza alitupeleka kwenye mwamba akatuonyesha mistari myeupe iliyopangana kama ngazi. Kila mstari ni mahali ambapo ukingo wa maji ulikuwa zamani. Ziwa linashuka kwa takriban mita moja kila mwaka. Tangu miaka ya 1960 limepoteza kiasi cha thuluthi ya eneo lake. Mto Jordan, uliokuwa ukililisha, umeelekezwa kwenye mashamba na majumba ya nchi zinazouzunguka, na viwanda vya madini huvuta maji ya ziwa na kuyakausha ili kupata potashi. Ardhi iliyoachwa wazi ina mashimo yanayofunguka ghafla, na baadhi yake yamemeza barabara.

Bi Mwalimu aliisikiliza tafsiri mpaka mwisho, kisha akasema: "Nilikuja nikiwaogopea waliokwisha angamia. Kumbe wa kuogopewa tu hai."

Nimelifikiria sana neno lile. Kwetu pia maji matamu yanapungua. Visima vingi vya pwani vimeingia chumvi kwa sababu twavuta maji kuliko mvua inavyorudisha. Mji wa Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa na machuguu ya mchanga ya Shela, na machuguu hayo yamekuwa yakinyemelewa na wajenzi. Israfu ya maji imekatazwa hata kwa mwenye kutawadha. Sembuse kwa mji mzima.

Basi kwa familia itakayojaaliwa kufika kule, rai yangu ni kwamba inafaa kwenda, ila kwa adabu aliyotufunza yule bibi. Kisa cha Nabii Lut (A.S.) wasomeeni watoto kabla ya safari, si baada yake. Chukueni maji mengi ya kunywa, msinyoe siku ile, wala msimwachie mtoto mdogo kuingia, kwani macho yake hayatastahimili. Na muonyesheni mistari ile mwambani, mumwache aulize mwenyewe maji yamekwenda wapi. Jibu lake mtalijua, kwa kuwa halihusu Jordan peke yake. Linahusu pia bomba linalovuja nyuma ya nyumba zetu.