Baiskeli ya Sita

Mgeni akitoka Mombasa kuja kututembelea hapa Kitengela, alikuwa akiuliza swali lile lile kabla hata hajavua viatu: je, mmefungua duka? Maana kutoka sebuleni kwenda jikoni ilikulazimu upite ubavuni mwa baiskeli sita, nne zimesimama na mbili zimetundikwa ukutani. Halikuwa duka. Yalikuwa mapenzi ya baba wa nyumba hii, na sisi wengine, mama mtu na watoto watatu, tuliishi na mapenzi hayo kwa subira iliyojaa na kupwa kama maji ya bahari yetu.

Ya kwanza ni Raleigh nyeusi ya marehemu babu yao watoto. Kwayo marehemu alitoka Kisauni kwenda kazini kisiwani, siku zile Nyali ikiwa na daraja la kuelea, kabla ya daraja la sasa kufunguliwa mwaka 1980. Kengele yake ingali inalia. Ya pili ni Phoenix ya Kichina, katika zile ambazo huku bara huitwa Blaki Mamba, ambayo hubeba gunia la mahindi na mwenye gunia juu yake. Ya tatu ni Peugeot ya mashindano, iliyonunuliwa mitumbani, nyepesi hata mtoto huinyanyua. Kisha ipo ya milimani yenye matairi mapana, na ndogo ya watoto ambayo kila mmoja wao ameivunja kwa zamu yake. Ya sita tutaieleza mbele, kwa kuwa ndiyo iliyotutia kuandika.

Msimu wake ni kiangazi, hasa Januari na Februari, nyasi zinapokuwa rangi ya simba na anga haina hata wingu la kusingiziwa. Jumamosi, akishasali Alfajiri, alijaza chupa mbili za maji, akatia tende mfukoni, akaishika barabara ya Namanga: Isinya, mji wa Kajiado, Bissil, hata mpakani chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Ni zaidi ya kilomita 120. Mji wa Kajiado uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Namanga takriban 1,300, kwa hiyo nusu ya pili ya safari ni mteremko. Kwenda ni raha, kurudi ni deni. Na deni hilo yeye hakulilipa kwa miguu. Alirudi kwa matatu, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya paa.

Jioni alituletea habari kama wengine waletavyo mboga. Alipovuka reli ya Magadi pale Kajiado. Ng'ombe wangapi walikuwa wakielekea mnada wa Bissil. Alituambia kwamba mwiba wa mgunga si adui mkubwa wa tyubu. Adui ni waya, mwembamba kama unywele, unaotoka katika matairi ya malori yaliyopasuka na kutapakaa pembeni mwa lami. Watoto walijifunza kuitia tyubu ndani ya beseni la maji na kutafuta povu linapotokea. Kitinda mimba wetu alijua kubandika kiraka kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Lakini tulimwogopea. Barabara hii ndiyo njia ya malori yaendayo Arusha na yatokayo huko, na dereva aliyekesha usukanini hamwoni mtu wa baiskeli mpaka amfikie. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya aliyejulikana kote, alifariki dunia kwa kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Siku ile baba watoto hakula chakula cha usiku. Nasi hatukuthubutu kusema tulilokuwa nalo moyoni.

Januari iliyofuata simu ililia saa tatu asubuhi. "Mama watoto, ni mzima, alhamdulillahi. Ila mkono hauinuki." Tulimkuta kabla ya kufika Bissil, ameketi chini ya mgunga. Vijana wawili wa Kimaasai, wachungaji, walikuwa wamesimama naye. Mmoja amemshikia baiskeli, mwingine amempa maji. Lori lilimpita karibu mno, akatoka katika lami, gurudumu likazama kwenye changarawe. Lori halikusimama. Mtulinga ulikuwa umevunjika.

Wiki sita alizokaa na mkono shingoni tulimwambia maneno ambayo hatutayakariri hapa. Tulisema ziuzwe. Hakubisha, na kutobisha kwake kulituumiza kuliko angebisha. Mnunuzi akapatikana mtaani, akaja siku ya Jumapili, akazizunguka zote, akaweka mkono juu ya ile ya sita.

Ni Hero ya Kihindi, ya kike: bomba lake la juu limeteremka ili mwenye nguo ndefu apande kwa staha, na mnyororo umefichwa wote ndani ya boksi la bati usije ukanasa kitambaa. Baba watoto aliinunua mwaka wa harusi yetu, akaifunga utepe. Hatukuipanda hata siku moja. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tuliwaona kaka zetu siku za Idi wakikodi baiskeli kwa saa, nasi tukiwashikia viatu. Tuliambiwa msichana wa baiskeli hana haya. Hatukuuliza neno hilo lilitoka wapi. Tuliitundika zawadi ile ukutani, tukawa tunaipangusa vumbi kila Ijumaa.

Binti yetu mkubwa, wakati ule ana miaka 12, ndiye aliyesema mbele ya mnunuzi: "Mama, hii si ni yako? Mbona waiuza na hujaipanda?"

Mnunuzi aliondoka na ile ya milimani.

Tulimwendea mwalimu wa madrasa wa watoto wetu. Alisema hana neno na chuma chenye magurudumu mawili. Tuangalie sitara, usalama na mahali. Binti naye akatuonyesha kwenye simu habari za Masomah Ali Zada, Mwafghani, ambaye kwao wasichana wa baiskeli walitukanwa na kurushiwa mawe. Alikimbilia Ufaransa, na Julai 2021 akashindana katika Olimpiki ya Tokyo, kwenye timu ya wakimbizi, hijabu ikiwa chini ya kofia ya kinga. Tuliitazama picha ile mara nyingi kuliko tulivyokiri.

Tukajifunza, mama na binti, kwenye njia ya udongo nyuma ya mtaa, mapema kabla majirani hawajafungua madirisha. Suruali pana ndani, kanzu ya kukoma magotini juu yake, mtandio umebanwa. (Buibui tuliliacha nyumbani baada ya siku ya kwanza. Mnyororo umefichwa, kweli, lakini gurudumu la nyuma halikufichwa, nalo lina meno.) Tulianguka mara mbili. Baba watoto, mkono ungali mzito, alikimbia kando yetu ameshika kiti kwa mkono mmoja, na hatukujua ameachia saa ngapi.

Yeye amerudi barabarani. Tulimwekea masharti: asiende peke yake, taa nyekundu nyuma hata mchana, na mwisho wake Kajiado. Ameyakubali yote isipokuwa la mwisho, ambalo tungali tunabishania. Jumamosi bado hatulali tena baada ya Alfajiri.

Februari iliyopita tulikwenda Namanga sote, kwa gari, baiskeli tatu zimefungwa nyuma. Tuliziteremsha mbali na malori, kwenye njia ya vumbi chini ya Ol Doinyo Orok, tukaendesha polepole, binti mbele, sisi nyuma tukiyumba. Mama mmoja wa Kimaasai, katika wale wanaowauzia wasafiri shanga pale mpakani, alikuwa akirudi kwake. Alisimama akatutazama mpaka tulipomfikia. Akaigusa Hero kwenye usukani, akaipiga kengele mara mbili, akauliza bei.

Tukamwambia haiuzwi.