Gari la Anko Lilipita Ukaguzi, na Mimi Ndiye Nilishika Kamera

Video yangu ya kwanza kulipwa haikuwa ya vichekesho wala ya samaki wa Lwang'ni. Ilikuwa ya fundi amelala chini ya matatu, anakata ekzosi na grainda, cheche zinaruka, mimi nimechuchumaa pembeni na simu. Alinipa elfu tano. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na naishi Manyatta, nyumba ya elfu nne mia tano, kwa hivyo siku hiyo nilijiona nimefika.

Wengi wenu mliiona. Ndiyo ile ya "toa hiyo takataka, gari lipumue." Hayo maneno hayakuwa ya fundi. Niliyatunga mimi.

Gari lenyewe lilikuwa la anko wangu. Ni Hiace ya dizeli, abiria 14, inafanya Kisumu–Kiboswa kupitia Kondele na Mamboleo. Aliichukua kwa mkopo wa sacco, ikitoka Japani. Miezi michache tu, taa ya njano ikaanza kuwaka kwenye dashibodi, halafu gari likawa linakosa nguvu kupanda mlima wa Riat. Abiria wanapiga kelele, makanga anatukanwa, bodaboda wanatupita wakicheka. Fundi akachomeka mashine yake ya kompyuta akasema shida ni DPF.

Sasa wasee, DPF ni nini? Ni kopo la chuma kwenye bomba la moshi. Ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, na kazi yake ni kushika masizi ya dizeli yasitoke nje. Likianza kujaa, injini inaongeza joto ndani ya kopo mpaka karibu nyuzi 600 ili masizi yaungue. Ndiyo gari lipate hilo joto, linataka kukimbia bila kusimama kwa muda wa kutosha.

Na matatu ya Kiboswa hukimbia saa ngapi? Inakaa Kondele injini ikinguruma nusu saa ikingoja watu wajae. Inatoka, inasimama. Inasimama tena kwa mama mwenye gunia la viazi. Masizi hayapati nafasi ya kuungua, kopo linaziba.

Kuna kitu kingine sikuwa najua wakati narekodi. Masizi yanaungua, lakini majivu ya oili hayaungui. Yanabaki ndani, yanajaa polepole mwaka baada ya mwaka, mpaka kopo lifunguliwe na kusafishwa. Sheria yetu inakubali gari kuukuu kutoka nje likiwa halijazidi miaka 8. Piga hesabu. Mjapani ameliendesha miaka saba, kopo limekaribia kujaa, ndipo linashuka Mombasa na sisi tunapiga picha tukishukuru Mungu. Wenye Mazda CX-5 za dizeli hapa mjini wanajua nasema nini. Gari linang'aa, rangi safi, viti vya ngozi, na hiyo taa inakungoja.

Wengine husema shida ni mafuta yetu machafu. Hapo kuna ukweli nusu. Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zetu wa Afrika Mashariki tulikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo ilikuwa inafika 500. Japani wako kwa 10. Kwa hivyo dizeli ya petroli stesheni inayoeleweka haiui DPF kwa siku moja. Ile ya mtungi kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta ya taa, hiyo ni habari nyingine. Mchezo huo ulikuwa mkubwa mpaka Septemba 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuchanganya. Mama zetu wenye stovu ndio walilipia, lakini hiyo nitaandika siku nyingine.

Turudi kwa anko. Kopo jipya aliambiwa ni zaidi ya laki mbili. Kutoa ni elfu ishirini, saa tatu kazi imeisha. Mkopo haungoji. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi sikumlaumu wakati huo, na hata leo kumlaumu kunanishinda.

Fundi alikata kopo, akachomoa lile sega lote, akachomelea kopo tupu na kulirudisha pale pale. Akapaka rangi kidogo ya fedha. Halafu akabadilisha programu ya injini ili isahau kwamba kuna kitu kama DPF. Taa ikazima. Gari likapanda Riat kama limetoka kiwandani jana.

Miezi michache baadaye zamu ya ukaguzi ikafika. Gari la abiria lazima likaguliwe kila mwaka, hiyo ni sheria. Mimi nilienda na anko nikitarajia sinema. Nilidhani nitaona mtu anaita mtu pembeni, bahasha inapita chini ya meza. Nilikuwa hata nimepanga kurekodi kwa siri.

Manze, hakuna kitu. Waliangalia breki, taa, tairi, mikanda, spidi gavana. Wakakanyaga mafuta wakatazama nyuma. Moshi mweusi haukuonekana, kwa sababu injini ni nzima na anko alikuwa amefanya sevisi. Kopo lipo chini, linaonekana. Gari likapita. Hakuna aliyehonga, hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Hiyo ndiyo ilinisumbua kuliko hongo. Hongo ningejua kuikasirikia.

Maana hizi punje za masizi ni ndogo ajabu. Gari linaweza kuzitoa kwa mamilioni na wewe usione hata wingu nyuma yake. Jicho linashika lile lori bovu linalotoa moshi kama jiko la chang'aa, basi. Na msidhani ni sisi peke yetu tuko nyuma. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotolewa DPF linatakiwa kuanguka ukaguzi. Mafundi wao wakafanya nini? Walichomelea kopo tupu wakalirudisha, vile vile kama fundi wetu. Uholanzi wakachoka na huo mchezo. Kuanzia Januari 2023 wanaingiza kifaa kwenye bomba la moshi na kuhesabu punje zenyewe. Kopo tupu linajulikana palepale, upake rangi usipake.

Na wale wakubwa walifanya zaidi. Septemba 2015 Volkswagen walishikwa Marekani kwa kuweka programu inayojua gari liko kwenye mashine ya kupimwa. Likipimwa linakuwa safi, likirudi barabarani linamwaga uchafu. Magari milioni 11 duniani. Huo ulikuwa uchafu wa gesi, sisi wetu ni wa masizi, lakini ujanja ni mmoja tu: safi siku ya mtihani.

Sasa nije kwa kilichofanya nikae chini niandike hii badala ya kurekodi.

Mathe anauza nyanya na omena Kondele, mita chache kutoka pale mathree zinapojazia abiria. Ana kitambaa cheupe cha kupangusa nyanya. Kila jioni anakifua, na kila jioni maji ni meusi. Nimeyaona hayo maji tangu niko darasa la nne, sikuwahi kuyafikiria. Mwezi uliopita nilienda kumsaidia kufunga, gari la anko likasimama mbele yetu likinguruma. Mathe akafunika omena na karatasi bila hata kuangalia, mkono umeshazoea, kisha akamsalimia kaka yake kwa dirisha.

Siwezi kusema uchafu wa kile kitambaa ni wa anko. Kuna matatu kuukuu pale ambazo hazijawahi kujua DPF ni nini, kuna malori, kuna vumbi, kuna takataka zinachomwa. Lakini najua kwamba Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Kundi moja na sigara. Na najua mathe anakaa pale saa kumi na mbili kwa siku. Na ile video ilitazamwa na watu laki moja na themanini elfu, na nilihesabu waliokuja inboksi kuomba namba ya fundi: 63. Kama nusu yao walienda, hayo ni magari mangapi?

Nilimwambia anko. Alikuwa anakula, akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Nyathina," akasema, "wewe ulilipwa elfu tano kwa hii kazi. Mimi nililipa elfu ishirini. Nani anamhubiria nani?"

Sikuwa na jibu.

Mimi naona hivi. Kumkamata mwenye matatu mmoja Kondele ni rahisi na haisaidii. Kagua kopo bandarini, kabla mtu hajachukua mkopo. Leteni kile kifaa cha Waholanzi kwenye ukaguzi. Na kusafisha DPF kuwe kazi ya kawaida hapa Kisumu, kama kubadilisha oili, maana kopo likitolewa na kusafishwa vizuri mara nyingi linarudi kazini, kwa bei iliyo mbali sana na laki mbili. Anko hakuambiwa hivyo na mtu. Mimi pia sikuuliza, nilikuwa natafuta cheche za kamera.

Wiki jana fundi alinitumia ujumbe. Anataka video ya pili, ya jinsi ya kupita ukaguzi bila presha. Elfu kumi na tano safari hii. Kodi ni tarehe tano. Nilikaa na huo ujumbe siku tatu, sitadanganya. Halafu nikamwandikia: unaweza kusafisha badala ya kutoa? Hiyo nakufanyia bure.

Akatuma emoji tano za kucheka. Baada ya saa moja akatuma: "Omera, naweza. Hakuna mtu huniuliza. Leta mteja kwanza."

Sega la anko lilishaenda na wale wa chuma chakavu, hilo halirudi. Lakini kuna dada mmoja wa Milimani, mmoja wa wale 63, CX-5 yake taa bado inawaka na alikuwa anangoja mshahara ndio aitoe. Nimempigia. Ameuliza bei mara mbili, amenyamaza, amesema sawa. Tunaenda Jumatatu asubuhi. Ile video ya zamani nimeifuta leo, ikiwa na laki moja na themanini na mbili.