Chanzo au Kiwashio? Tafakuri juu ya Istilahi Moja ya Uigaji wa Moto

Nilipoombwa kupitia orodha ya istilahi za Kiswahili za uigaji wa moto kwa kompyuta, istilahi moja ilinishughulisha kuliko nyingine zote: "chanzo cha joto cha muda mfupi". Hoja yangu katika makala haya ni kwamba neno chanzo halifai hapa, na kwamba linaweza kumpotosha mtafiti.

Tuanze na dhana yenyewe. Programu za uigaji hugawanya chumba katika visehemu vingi vya kihesabu, na kila kisehemu hupewa halijoto moja tu, yaani wastani. Katika maumbile, mchanganyiko ufaao wa methani na hewa huweza kuwashwa na cheche yenye nishati ya milijouli 0.28 hivi, kwa kuwa nishati hiyo imekusanyika mahali padogo mno. Tukiieneza katika kisehemu cha sentimita 1 ya ujazo, halijoto ya hewa iliyomo haipandi hata robo ya nyuzi moja, ilhali methani huhitaji zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi ili iwake yenyewe. Wastani huimeza cheche.

Programu ya Fire Dynamics Simulator, iliyotolewa mwaka 2000 na taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, hulikwepa tatizo hili katika mpangilio wake wa kawaida: gesi na oksijeni zikichanganyika huweza kuungua bila kungoja cheche. Mtafiti anayetaka kuiga uwashaji wenyewe hubainisha halijoto ya kuwaka, huingiza kitu chenye joto kali kwa muda mfupi, kisha hukiondoa. Kuondolewa huko ndiko kiini cha dhana. Kitu hicho kikiachwa, hatuwezi kujua kama moto unajiendesha au unategemezwa. Katika utafiti wa usalama wa majengo, godoro ambalo lingezimika lenyewe litaonekana linateketea.

Sasa tutazame lugha. Chanzo, katika matumizi ya Kiswahili, aghalabu hudumu: chanzo cha mto kikikauka, mto nao hukauka. Zaidi ya hayo, katika taarifa za ajali, "chanzo cha moto" ni sababu yake. Kwa upande mwingine, kitenzi waka na kauli yake ya kutendesha, washa, vinatenganisha barabara mambo mawili tunayoyahitaji. Mtu huwasha moto akaenda zake. Nyuma yake tunasema "moto umewaka", na mofimu -me- inaonyesha hali inayodumu baada ya tendo kukoma.

Kwa hiyo napendekeza kiwashio, kutokana na washia, kauli ya kutendea, kwa kufuata kanuni ileile inayotupatia kifungulio kutokana na fungulia. Huenda ikadaiwa kwamba neno hili linamkumbusha msomaji kiberiti. Kwa maoni yangu, hilo ni sifa, si dosari: njiti hutupwa, moto ukabaki. Chanzo cha joto kibakie kwa jiko, tanuri na vyote vinavyotoa joto mfululizo.

Istilahi nzuri humsaidia mtumiaji kuuliza swali linalopaswa kuulizwa. Anayeandika kiwashio hana budi kujiuliza: kikiondolewa, je, moto umewaka?